Sauti Ichelewayo Si Sauti: Ubora wa Huduma katika Mitandao Isiyo na Waya

Barua pepe ikichelewa kwa sekunde tano, msomaji hadhuriki. Sauti ya mwalimu anayefundisha kwa video ikichelewa kwa sekunde moja tu, maswali na majibu hugongana na somo huharibika. Hata hivyo, ubora wa intaneti aghalabu hunadiwa kwa kigezo kimoja: kasi. Kigezo hicho hakitoshi kupimia mtandao unaobeba mazungumzo.

Mosocho, karibu na mji wa Kisii, imo katika nyanda za juu za Gusii, na vilima ni kikwazo kwa mawimbi ya redio. Mnamo Julai 2020, shule zikiwa zimefungwa kwa sababu ya korona, kampuni za Loon na Telkom Kenya zilizindua huduma ya intaneti kwa maputo yapatayo 35 yaliyoelea takriban kilomita 20 angani. Kisii ilitajwa miongoni mwa sehemu za eneo lililolengwa, lenye kilomita za mraba 50,000 hivi. Maputo yalipokezana data yenyewe kwa yenyewe hadi kituo cha ardhini, na kwa kuwa upepo uliyasukuma, njia za ujumbe zilipangwa upya kila mara. Ingawa programu ya ardhini ndiyo iliyoyaratibu, tatizo lake lilikuwa lile lile la mitandao yote ambayo vifundo vyake havitulii.

Katika mitandao hiyo, kila kifundo kinachopokea ujumbe na kuusukuma mbele huongeza muda wa safari. Vifundo vikitumia masafa mamoja, sharti vingojane. Kimoja kikiondoka, pakiti zilizokuwa njiani hupotea. Faili hustahimili hayo, kwani pakiti iliyopotea hutumwa tena. Mazungumzo hayastahimili: neno linalowasili baada ya sentensi kupita halina faida. Ndiyo maana Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano hupendekeza kwamba sauti isichukue zaidi ya milisekunde 150 kutoka kwa msemaji hadi kwa msikilizaji.

Wako wanaodai kuwa dawa ni kuongeza uwezo tu. Dai hilo lina ukweli nusu. Barabara pana haimfai mgonjwa ikiwa gari lake limezibwa na malori. Kiwango cha 802.11e, kilichoidhinishwa mwaka 2005 kwa ajili ya Wi-Fi, kiliigawa foleni katika makundi manne, na sauti ikatangulizwa. Huo si upendeleo, kwa kuwa faili inaweza kungoja. Lakini kila mmoja akipewa kipaumbele, hakuna aliyepewa. Kwa hiyo mtandao wa busara hukataa simu mpya pindi uwezo unapokwisha, badala ya kuziharibu zote.

Katika jaribio moja la mwishoni mwa Juni 2020, Loon ilitangaza kasi ya kupakua ya megabiti 18.9 kwa sekunde na ucheleweshaji wa milisekunde 19. Kwa mwalimu, tarakimu ya pili ina uzito kuliko ya kwanza. Hata hivyo, jaribio moja si ushahidi wa uthabiti wa kila siku. Januari 2021 Loon ilitangaza kufungwa kwake, na maputo yakaondoka kabla ya wananchi kupata nafasi ya kutosha ya kuyapima.

Swali limebaki. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilitoa mwongozo wa leseni za mitandao ya kijamii, unaowawezesha wakazi kujijengea mtandao wao. Mosocho ikiifuata njia hiyo, mkataba wake na mafundi hauna budi kutaja mambo matatu mbali na kasi: ucheleweshaji, myumbo wa ucheleweshaji huo, na upotevu wa pakiti.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Mkazi asiye na istilahi husema tu kwamba mtandao ni mbaya, naye muuzaji humjibu kwamba kasi iko juu. Wote wawili huwa wamesema kweli, na mkazi huondoka mikono mitupu. Akiweza kusema kuwa sauti inayumba na pakiti zinapotea, muuzaji hana pa kujificha. Istilahi za ubora wa huduma zisiachiwe wahandisi peke yao, maana asiyeweza kuitaja haki yake hawezi kuidai.