Ukiacha mshahara, usiache amana

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola Mlezi wa viumbe vyote, Mwenye kumruzuku aliyeajiriwa na asiyeajiriwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu Waislamu, katika Mkoa wa Njombe lipo swali linaloulizwa sana na waajiriwa, wawe walimu, wauguzi au wafanyakazi wa mashamba ya chai na miwati. Wanayaona malori yakipakia viazi, mbao na maparachichi, yakipita Makambako kuelekea Dar es Salaam. Wanawaona majirani wa Kifanya waliopanda misindano na milingoti wakijenga nyumba za bati. Kisha wanajiuliza: je, dini inaniruhusu niache kazi yenye mshahara nikajitegemee?

Jibu ni kwamba inaruhusu. Lakini swali lenyewe halijakamilika. Linalopasa kuulizwa ni hili: ninapoondoka, ninaziacha haki za nani nyuma yangu?

Uislamu haukuidharau ajira. Nabii Musa (a.s.) alikubali kumtumikia mzee wa Madyan kwa miaka 8, na ikiwa angependa, 10, kama inavyosimuliwa katika Suratul Qasas. Wala haukuidharau biashara. Abdurrahman bin Auf (r.a.) alipohamia Madina hali hana kitu, nduguye wa Kiansari alitaka kumgawia nusu ya mali yake. Alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko lilipo, akaanza kuuza samli na jibini.

Kwa upande mwingine, Sayyidna Abubakar (r.a.) alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Alipokuwa Khalifa aliondoka asubuhi na nguo zake kwenda sokoni, kwa kuwa familia yake ilihitaji kula. Masahaba wakaona kwamba hawezi kuuza nguo na kuongoza umma kwa wakati mmoja, basi akapangiwa posho kutoka Baitul-mal. Huyu wa mwisho alitoka kujiajiri akaingia katika posho, na daraja yake haikupungua.

Ndiyo maana si vema kijana kumcheka mzee anayemwambia, "Mwanangu, usiache kazi." Wakati wa ukoloni, watu wengi wa Njombe walikwenda kwa mkataba kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga ili wapate fedha ya kodi na nguo. Kampuni ya miwati, TANWAT, ilipoanzishwa Njombe mwaka 1949, ujira ukapatikana karibu na nyumbani. Mzee anaposema hivyo, anaikumbuka thamani ya ujira usiokatika. Tumsikilize, kisha tutazame haki tatu.

Haki ya kwanza ni ya mwajiri. Aya ya kwanza ya Suratul Maida inawaamuru waumini kutimiza ahadi na mikataba yao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka anayelipwa kwa mwezi kutoa notisi ya siku zisizopungua 28. Wapo wanaopokea mshahara leo na kesho hawaonekani. Wapo pia wanaoanzisha mradi wao kwa saa za mwajiri, kwa pikipiki ya mwajiri na kwa mafuta ya mwajiri. Anayefanya hivyo anaitia doa riziki yake kabla hajauza hata gunia moja. Nabii Musa (a.s.) hakuondoka Madyan mpaka alipoutimiza muda wake.

Haki ya pili ni ya familia, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Mshahara huja kila mwezi, lakini ardhi ina kalenda yake. Viazi mviringo vinahitaji takriban miezi mitatu hadi minne. Mparachichi wa kubebeshwa huanza kuzaa kiasi cha miaka mitatu baada ya kupandwa, na mavuno ya kutegemewa huja baadaye. Msindano wa mbao humsubirisha mwenyewe zaidi ya miaka 10. Unga, ada ya shule na kodi ya nyumba havisubiri chochote kati ya hivyo. Hata bima ya afya ya mke na watoto, ikiwa ilitokana na ajira, hukoma pamoja nayo.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa ni dhambi mtu kuwapuuza wale ambao chakula chao kiko juu yake. Basi anayejitosa bila akiba na kusema "nimetawakali", hajaelewa tawakkul. Bedui aliyeuliza habari ya ngamia wake aliambiwa amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Nabii Yusuf (a.s.), pamoja na kupewa elimu na Mola wake, aliwaelekeza watu wa Misri kuhifadhi nafaka ya miaka saba ili iwavushe miaka saba ya njaa.

Kwa maoni yangu, mwajiriwa asiandike barua ya kuacha kazi mpaka mambo mawili yawe tayari. Kwanza, shamba au biashara yake iwe imekwisha kuvunwa angalau mara moja, kwa saa zake mwenyewe na kwa fedha yake mwenyewe. Pili, iwepo akiba ya kuilisha nyumba kwa misimu miwili, kwa sababu msimu mmoja unaweza kuliwa na ukungu wa viazi au na bei mbaya. Miti na miparachichi iwe akiba ya kesho, na viazi viwe chakula cha leo.

Tena, mke ashauriwe kabla ya barua, si baada yake. Nafaka ya nyumba ni wajibu wa mume hata anapokuwa hana ajira, na mshahara wa mke ni mali ya mke. Akisaidia, anatoa sadaka. Zainab, mke wa Abdallah bin Mas'ud (r.a.), alipouliza kuhusu kumpa mumewe sadaka yake, Mtume (s.a.w.) alieleza kwamba ana ujira mara mbili: wa ujamaa na wa sadaka. Sadaka huombwa kwa heshima, haichukuliwi kwa nguvu.

Haki ya tatu ni ya wale utakaofanya nao kazi. Mtaji usiwe wa riba, maana haiwezekani mtu akimbie shida ya mshahara mdogo akaingie katika vita na Mola wake. Ipo milango mingine. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kuvikopesha vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Upo pia ushirika wa mudharaba, mmoja akatoa mtaji na mwingine akatoa kazi, kama Mtume (s.a.w.) alivyofanya biashara kwa mali ya Bibi Khadija (r.a.).

Ukishakuwa tajiri wa wengine, kibarua wako alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na ukiwa mnunuzi wa viazi, jiepushe na lumbesa. Gunia linaloshonewa kilemba juu ili mkulima atoe kingi na alipwe kidogo ndilo hasa jambo lililoteremshiwa Suratul Mutaffifin, hata kama soko zima limelizoea.

Ndugu Waislamu, asitutishe yeyote kwamba riziki imo mikononi mwa mwajiri, mwenye kuruzuku ni Allah (s.w.) peke yake. Lakini asituhadae yeyote kwamba ujasiri peke yake ni ibada. Swali istikhara, keti na mkeo mwandike matumizi ya nyumba mwezi kwa mwezi, lipa madeni, toa notisi, kisha ondoka kwa salama. Atakayeondoka hivyo, hata akianguka msimu wa kwanza, hakumdhulumu mtu, naye ana uso wa kurudi kuomba kazi pale alipotoka.

Tunamwomba Allah (s.w.) atutosheleze kwa halali Yake, atuepushe na haramu Yake, na azitie baraka nyumba zetu. Amin.