Kabla hujalipia tangazo, pima websaiti yako inafunguka kwa sekunde ngapi

Wafanyabiashara wenzangu, leo naongea na wenye websaiti. Mauzo yakishuka, wengi tunakimbilia kuongeza hela ya tangazo. Mimi naona hela hiyo isubiri kwanza.

Tuseme umeweka 20,000, watu 100 wamebofya linki yako. Ukurasa unazunguka tu, kioo cheupe. Mtu anarudi zake Instagram kuangalia duka lingine. Hajaona bidhaa, hajaona bei, na hela yako imeshaliwa.

Mwaka 2016 Google walitoa takwimu kwamba kwenye simu, asilimia 53 ya wanaoingia huondoka kama ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Yaani zaidi ya nusu!

Najua kuna atakayesema, "Bidhaa yangu nzuri, watasubiri." Anayekujua atasubiri. Huyu mgeni uliyemlipia tangazo hana sababu ya kukusubiri.

Mzigo mkubwa huwa ni picha. Picha ya simu ikipandishwa ilivyo inaweza kufika MB 4. Ukiweka 20 kwenye ukurasa mmoja, hizo ni MB 80. Mteja mwenye bando la MB 500 umemmalizia karibu moja ya sita, na bado hajanunua kitu. Picha hizohizo ukizipunguza hadi KB 150 kila moja, zote 20 ni MB 3 tu. Na kwenye kioo cha simu bado zinaonekana vizuri.

Fanya hivi wiki hii:

1. Zima Wi-Fi, washa data. Fungua websaiti kwenye simu ya mtu ambaye hajawahi kuingia. Simu yako inakudanganya, maana imeshahifadhi vitu vya ukurasa wako. Hesabu sekunde.

2. Ingia PageSpeed Insights ya Google, ni bure. Weka anwani ya websaiti yako, soma matokeo ya upande wa simu. Kitu kikubwa cha kwanza kwenye ukurasa kinatakiwa kionekane ndani ya sekunde 2.5.

3. Punguza picha kabla ya kuzipandisha. Squoosh ni ya bure na inafanya kazi hiyo. Chagua WebP, upana wa pikseli 1080 unatosha.

4. Toa video inayojicheza yenyewe na mapicha yanayojigeuza pale juu. Mteja amekuja kuona bei.

5. Kama unatangaza Facebook na Instagram na umefunga pikseli ya Meta, linganisha waliobofya linki na waliofunguliwa ukurasa. Kama 100 wamebofya na 50 tu wamefika, tatizo liko mlangoni, siyo kwenye bidhaa.

Na kwa anayetengenezewa websaiti sasa hivi: usikubali kuonyeshwa kwenye laptop yenye Wi-Fi ya ofisini halafu ukamalizia malipo. Mwambie mapema, nitalipa iliyobaki ikifunguka ndani ya sekunde 3 kwenye simu ya kawaida, kwa data. Fundi mzuri hatakasirika.

Una bidhaa kumi tu? Katalogi ya WhatsApp Business inakutosha kwa kuanzia. Bora duka dogo linalofunguka.

Pima leo, kisha tuandikie hapa chini: yako imechukua sekunde ngapi?