Talaka ya mahakama isiishie kwenye mkoba wa mwanamke

Tangu Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi wake katika Rufaa ya Madai Na. 246 ya 2019, jambo moja halina tena mjadala: ombi la talaka lisiloambatana na hati halali ya Baraza la Usuluhishi la Ndoa limeletwa kabla ya wakati wake, na talaka iliyotolewa juu ya ombi la namna hiyo haisimami. Mahakama Kuu imeufuata msimamo huo katika mashauri kadhaa. Matokeo yake, mwanamke aliyekwisha kuambiwa na hakimu kwamba ndoa yake imevunjika, akapewa watoto na sehemu ya nyumba, anaweza kuitwa tena kwenye rufaa na kuambiwa kuwa karatasi ya baraza haikuwa ile inayotakiwa. Mwenendo wote unafutwa. Yeye bado ni mke wa mtu.

Sina ugomvi na tafsiri ya sheria. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba mgogoro upite kwanza barazani, na majaji hawakukitunga wao. Kinachonikera ni kwamba ukali huu upo wakati wa kuingia mahakamani tu. Serikali inamdai raia hati yenye muhuri sahihi, Fomu Namba 3, kabla hajasikilizwa. Akishasikilizwa na kushinda, serikali hiyohiyo inamkabidhi nakala ya hukumu na kumwacha aibebe mwenyewe hadi kwa msajili. Akiweza, atapata cheti cha talaka. Asipoweza, shauri yake. Hili ni kosa, na si kosa la raia. Amri ya talaka ikishatoka, mahakama yenyewe ndiyo iipeleke kwa Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, bila kumsubiri mtu.

Nauzungumzia hasa ukanda wa Shinyanga na Geita kwa sababu huko ndiko udhaifu huu unakouma zaidi. Kuanzia Kakola na Kahama hadi Masumbwe, Runzewe, Katoro, Nyarugusu na Lwamgasa, watu huishi kwa kufuata dhahabu. Ikisikika kuna rashi, yaani dhahabu mpya, mahali, vijana wanahama na sururu zao, mama lishe wanahama na sufuria zao, na baada ya muda mfupi pori limekuwa kijiji. Ndoa nyingi za huko zilifungwa kwa ng'ombe mbele ya wazee na hazikuandikwa popote. Nyingine zilifungwa kanisani au msikitini, cheti kikaingia kwenye sanduku la mume. Zinapovunjika, huvunjika jinsi zilivyofungwa: wazee wanakaa, ng'ombe wanahesabiwa, kadhaa wanarudi walikotoka, kila mtu anashika njia yake. Jamii nzima inajua hao wameachana.

Sheria haijui. Kifungu cha 12 kinasema ndoa hudumu hadi kifo, au hadi mahakama iivunje kwa amri yake. Ng'ombe kurudi si talaka. Hata Mwislamu aliyetamka talaka na kuiandika, kifungu cha 107 kinataka baraza liwe limeshindwa kwanza, kisha mahakama ijiridhishe na kutoa amri. Kwa hiyo mwanamke wa machimboni anayefika mahakama ya mwanzo ni yule aliyeamua kutii sheria wakati jirani zake wengi waliridhika na neno la wazee. Amekwenda barazani. Amemsubiri mume ambaye leo yuko Mgusu, kesho Nyakagwe, simu anapokea lakini barazani hafiki. Sheria inamsamehe anayedai talaka sharti la baraza ikiwa mwenzake ameitwa akakaidi, au ametoroka asijulikane aliko, ila kuthibitisha kwamba aliitwa nako kunahitaji karatasi. Mwanamke huyu amevuka yote hayo. Ndiye raia ambaye serikali ilipaswa kumshukuru kwa utii wake. Badala yake inampa kazi ya utarishi kati ya ofisi zake mbili.

Hapo ndipo penye hoja ninayoiona nzito kuliko zote, na sioni ikijadiliwa.

Mashauri mengi ya madai huwahusu watu wawili. Nikikudai milioni mbili na mahakama ikanipa ushindi, ni haki kabisa kwamba nihangaike mwenyewe kukazia hukumu. Nikiamua kuisahau, hasara ni yangu na jirani yangu haimgusi. Talaka ni jambo la namna nyingine. Inabadilisha hadhi ya mtu mbele ya kila mtu: mbele ya padri, benki, mwajiri, mnunuzi wa kiwanja, mahakama ya mirathi, mke au mume atakayekuja baadaye na watoto watakaozaliwa. Hao wote hawakuwepo siku ya hukumu. Hawana njia ya kuijua isipokuwa kwa kutazama daftari la serikali. Na daftari hilo linaendelea kusema kwamba ndoa ipo.

Cheti cha ndoa hakina tarehe ya mwisho. Kilichotolewa mwaka 1998 kinasomeka leo kama kilivyosomeka siku ile, muhuri uleule, saini zilezile. Hakuna mtu anayekuja kukipiga mstari mwekundu siku hakimu anapotamka talaka. Kitu pekee kinachoweza kukipinga ni maandishi mengine katika daftari lilelile. Yasipokuwepo, cheti kilichokufa mahakamani kinaendelea kufanya kazi mitaani, na anayenufaika nacho mara nyingi ni yule aliyeshindwa kesi. Ndiye anayekishika. Ndiye asiyetaka talaka ijulikane. Utaratibu unaotegemea hiari ya wahusika unamwachia mtu huyo faida asiyostahili, na mwenzake mzigo wote.

Katika uchumi wa dhahabu jambo hili halingoji muda mrefu kujitokeza. Agosti 2025 mgodi wa Nyandolwa mkoani Shinyanga ulititia na kuwafukia wachimbaji 25. Miaka kumi kabla, huko Nyangalata wilayani Kahama, watu watano walitolewa hai baada ya siku 41 chini ya ardhi. Kifo ni jambo la karibu katika kazi hii. Mchimbaji akifa, anaacha kiwanja Katoro, karasha la kusagia mawe, sehemu yake katika duara la kuchimbia, pengine mawe ambayo hayajasagwa. Akiwa ameajiriwa kwenye mgodi mkubwa, anaacha pia mafao ya NSSF na fidia ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Msibani wanatokea wanawake wawili. Mmoja aliachika mahakamani miaka sita nyuma na bado ana cheti cha ndoa. Wa pili aliishi na marehemu hadi mwisho, akamzalia, na hana karatasi. Nani ataonekana mjane mbele ya karani anayetazama nyaraka? Tunajua jibu. Jalada lenye amri ya talaka lipo katika kabati la mahakama ya mwanzo ya wilaya nyingine, na hakuna aliyeko pale msibani anayejua kwamba lipo.

Geuza upande wa pili. Mwanamke aliyeshinda talaka anataka mkopo kwa kuweka dhamana nyumba aliyogawiwa. Kifungu cha 59 kinalinda nyumba ya ndoa isiuzwe wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza, na benki kwa haki yake inauliza mwenza yuko wapi. Anataka kuolewa tena, na mwanamke aliye katika ndoa haruhusiwi na sheria kufunga nyingine. Mfungisha ndoa mwangalifu atamwambia alete cheti cha talaka. Nakala ya hukumu ikiwa imeliwa na mchwa au imeachwa kwa shemeji wakati wa kuhama, inabidi arudi alikohukumiwa, apande gari kutoka Nyarugusu hadi Kahama, aombe jalada litafutwe, aambiwe njoo Jumatatu.

Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed la mwaka 1983, Mahakama ya Rufani imekubali kwamba kazi ya mwanamke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Uamuzi ule unasifiwa katika kila semina, na unastahili sifa. Lakini mgawanyo wa mali chini ya kifungu cha 114 unafuata amri ya talaka au ya kutengana. Amri hiyo isipoonekana popote nje ya jalada, mchango uliotambuliwa na majaji unabaki kuwa maneno. Mume anauza kiwanja kwa mtu wa tatu aliyetazama kila alichoweza kutazama asione kitu, na mwanamke anaanza kesi mpya dhidi ya mnunuzi asiye na hatia.

Zipo sababu zinazotolewa kuutetea utaratibu wa sasa. Inasemekana mahakama haipaswi kuwa msaidizi wa upande wowote. Lakini kuandika talaka katika daftari si kumsaidia mdai, ni kuifahamisha nchi uamuzi wa mahakama yake. Inasemekana ni lazima kusubiri muda wa rufaa upite. Sawa, usubiriwe, halafu ipelekwe. Inasemekana ndoa nyingi za kimila hazikusajiliwa, hivyo talaka itasajiliwaje juu ya ndoa isiyo na namba? Mahakama ilipovunja ndoa hiyo ilikwisha kukiri kwamba ilikuwepo, na kutosajiliwa hakuibatilishi ndoa. Hukumu yenyewe inatosha kuwa msingi wa kuandika yote mawili kwa pamoja.

Iko sababu ya nne, na hii sina uvumilivu nayo. Tunaambiwa tatizo ni elimu. Wananchi hawajui taratibu, tuwaelimishe. Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imefika Shinyanga na Geita, wanasheria wamekaa chini ya mahema na kusikiliza migogoro ya ndoa na ardhi, na kazi yao ni njema. Lakini elimu gani inakosekana hapa? Mwanamke amejua kwenda barazani. Amejua kufungua shauri. Amejua kuleta mashahidi kutoka kijijini na kuwalipia nauli. Amesimama mbele ya hakimu akaeleza mambo ya chumbani kwake mbele ya watu. Baada ya yote hayo bado aambiwe kwamba asiyejua ni yeye? Hakimu anajua talaka imetolewa, kwa sababu ameitoa. Karani anajua, kwa sababu ameiandika. Serikali yote inajua kila kitu inachohitaji kujua, ila inajua katika chumba kimoja na kukataa kujua katika chumba cha pili mpaka mwanamke aje na karatasi mkononi. Huo si upungufu wa elimu ya raia. Ni uzembe wa ofisi, na kuuita kwa jina lingine ni kumtukana aliyekwisha kuteswa na mfumo.

Wala haiwezi kusemwa kwamba nyenzo hazipo. Mahakama inasimamia mashauri kwa mfumo wa kielektroniki. RITA ina mfumo wake wa mtandaoni, eRITA. Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani husomwa na mtu yeyote mwenye simu kupitia tovuti ya TanzLII. Temeke, tangu mwaka 2021, kuna kituo jumuishi kinachoshughulikia mashauri ya ndoa, talaka na mirathi, uthibitisho kwamba Mahakama ikiamua kujipanga kwa ajili ya familia inaweza. Mahakama ya mwanzo, ambako mwanamke wa Lwamgasa huanzia, inahitaji kidogo kuliko hayo: fomu moja inayojazwa na karani siku ya hukumu, yenye majina, tarehe na namba ya shauri, na agizo kwamba muda wa rufaa ukipita iende kwa msajili wa wilaya.

Baraza nalo liwekwe sawa kwa njia hiyohiyo. Ikiwa talaka inaweza kufutwa kwa sababu katibu wa baraza la kata aliandika barua badala ya kujaza Fomu Namba 3, basi kosa la katibu lisilipwe na mwanamke aliyekaa mbele yake kwenye benchi. Hakimu aikague hati siku shauri linapofunguliwa na kuirudisha barazani siku hiyohiyo ikiwa na kasoro. Isingoje kugunduliwa kwenye rufaa, mali ikiwa imekwisha kugawanywa na watoto wamekwisha kuhama shule.

Tangu Mahakama Kuu ilipoamua mwaka 2016 kuhusu umri wa kuolewa, na Mahakama ya Rufani ikaukubali uamuzi huo Oktoba 2019, kila mjadala wa kuirekebisha Sheria ya Ndoa umesimama kwenye vifungu vya 13 na 17. Ni vifungu vizito, na mikoa hii inajua kuliko mingine gharama ya binti kuozwa mapema. Lakini binti aliyeozwa mapema ndiye atakayekuwa, miaka kumi baadaye, akitafuta talaka Geita au Kahama. Usajili wa talaka yake hauhitaji kusubiri mjadala wa umri umalizike. Mahakama na RITA wakae meza moja mwaka huu, waanze na mahakama za mwanzo za Kahama, Msalala, Mbogwe na Geita, na amri ya talaka isitoke tena mahakamani bila nakala yake kwenda kwa msajili.