Mfinyanzi Naye Ahukumiwe kwa Haki

Ndugu msomaji, wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Yeye aundaye vyungu vya watu wote, nyumbani kwake hupakua chakula katika kipande cha chungu kilichovunjika. Jumapili hii yafaa tumzungumze mama huyo, pamoja na waamuzi wa maonyesho ya sanaa.

Duniani yapo mashindano makubwa ya vyombo vya udongo. Katika mji wa Faenza, Italia, mashindano ya namna hiyo yalianzishwa mwaka 1938. Jopo la waamuzi huchagua kazi zifaazo kuonyeshwa, kisha humtuza aliyeshinda. Je, chungu cha Tarime au Serengeti kikifikishwa mbele ya jopo, kitapimwa kwa kipimo gani?

Swali hilo si la mzaha. Mwamuzi aliyezoea vyombo ving'aavyo kama kioo, vilivyookwa katika tanuri kwa joto la nyuzi 1,200 na zaidi, huenda akakikataa chungu kilichochomwa uwanjani kwa kuni na nyasi, kwa kuwa kinapitisha maji. Lakini mtungi hupoza maji kwa sababu hiyo hiyo. Maji kidogo hupenya katika vinyweleo vya udongo, hugeuka mvuke kwa nje, na mvuke huo huondoka na joto. Kadhalika, mchanga au vigae vilivyosagwa ambavyo mama huchanganya na udongo huzuia ufa usienee, na ndiyo maana chungu huvumilia moto wa mafiga. Kinachodhaniwa kuwa kasoro ni maarifa.

Wala maarifa hayo si ya jana. Seronera, ndani ya Serengeti, wachimbaji wa mambo ya kale walifukua vigae vya vyungu pamoja na mabakuli ya mawe, na habari zake zikachapishwa mwaka 1973. Huko Tarime, wazee wa Kikuria walikuwa wakiketi kukizunguka chungu kimoja cha pombe, kila mmoja na mrija wake mrefu. Na katika Tarime ya zamani, kabla Rorya haijawa wilaya mwaka 2007, ufinyanzi ulikuwa kazi mashuhuri ya akina mama wa Kijaluo.

Asije mtu akasema kazi ya mikono haiwezi kuheshimiwa na ulimwengu. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, alikwenda kusoma Uingereza. Katikati ya miaka ya 1970 alifika Abuja, Nigeria, akajifunza kwa wafinyanzi wa huko, miongoni mwao Bibi Ladi Kwali, ambaye picha yake imo katika noti ya naira 20. Odundo huunda vyombo kwa mikono bila gurudumu, huvisugua mpaka ving'ae, wala havipaki rangi ya kioo. Mwaka 2020 alitunukiwa nishani kubwa ya Uingereza, na tangu hapo huitwa Dame. Alichokipeleka mbele ya ulimwengu ni ujuzi wa mabibi zetu.

Basi, wanaotayarisha maonyesho mikoani hawana budi kuzingatia mambo matatu. Kwanza, vyombo vya moto wa uwanjani vishindanishwe peke yake, na mtungi ujazwe maji kabla ya kuhukumiwa. Pili, katika kila jopo awemo mfinyanzi mzoefu, hata kama hakusoma chuo chochote. Tatu, kila chombo kiandikwe jina la aliyekiunda na kijiji chake. Mchoraji huweka sahihi yake. Kwa nini mfinyanzi aitwe tu “akina mama wa kijijini”?

Ndugu msomaji, binti anayeona chungu cha mama yake, kazi ya siku kadhaa, kikiuzwa sokoni kwa bei ndogo kuliko ndoo ya plastiki, hatakuwa na hamu ya kurithi kazi hiyo. Tuzo moja haitambadili bei yote ya soko, lakini itamwonyesha binti huyo kwamba mama yake ni fundi. Nawe utakapopita soko la Tarime au Mugumu, ukaona mitungi imepangwa chini, usianze kwa kupunguza bei. Muulize kwanza muuzaji ni nani aliyeufinyanga.