Binti wa Hesabu na Njia za Anga

Juma hili twataka kunena na wazazi juu ya binti zao na somo la hesabu. Mfano wetu ni mama mweusi wa Marekani, Katherine Johnson, aliyezaliwa tarehe 26 Agosti 1918 katika mji mdogo wa White Sulphur Springs, akafariki tarehe 24 Februari 2020 mwenye umri wa miaka 101.

Baba yake alikuwa mkulima na mkata miti, na pengine alifanya kazi ndogo ndogo hotelini. Mama yake alikuwa mwalimu. Katika wilaya yao shule ya watoto weusi ilikoma darasa la nane. Baba huyo hakusema kwamba yatosha. Aliwatafutia watoto wake wanne, wavulana wawili na wasichana wawili, makao huko Institute palipokuwa na shule ya sekondari. Mwendo wake ni karibu kilometa 200, yaani zaidi ya mara tatu ya njia ya kutoka Butembo hata Beni. Wakati wa masomo mama alikaa huko na watoto, naye baba alibaki nyuma akitafuta riziki.

Matunda yake ni haya. Katherine aliingia sekondari akiwa na miaka 10, na mwaka 1937, mwenye miaka 18, alimaliza chuo kikuu katika hesabu na Kifaransa. Mwalimu wake, Bwana Claytor, alipoiona akili yake, aliongeza masomo mapya ya hesabu kwa ajili yake peke yake.

Mwaka 1953 aliajiriwa Langley, katika idara ya serikali iliyochunguza mambo ya ndege, ambayo mwaka 1958 iligeuka kuwa NASA. Siku zile kompyuta lilikuwa jina la mtu, siyo la mashine: ndivyo walivyoitwa wanawake waliofanya hesabu za wahandisi. Wanawake weusi walitengwa na weupe, wakawa na ofisi yao, vyoo vyao na meza yao ya chakula. Mwaka 1956 mume wake alifariki, akamwachia binti watatu. Lakini mjane huyo hakuiacha kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa nini? Chombo kinachozunguka dunia hakisimami, na dunia chini yake haisimami pia. Sisi tunaokaa karibu na ikweta twachukuliwa kuelekea mashariki kilometa 1,670 hivi kwa saa moja, wala hatusikii kitu. Chombo kikipita leo juu ya Butembo, kikazunguka dunia yote kwa dakika 88, kitakaporudi kitakuta Butembo imekwisha kusogea mashariki zaidi ya kilometa 2,400. Basi, atakayeshusha mtu salama baharini, mahali panapongoja meli, hana budi kuhesabu mambo hayo yote tangu mwanzo. Katherine alianza na mahali pa kushukia, akarudi nyuma kwa hesabu hata saa na mahali pa kurukia.

Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alikuwa Mmarekani wa kwanza kuizunguka dunia. Mashine mpya zilikuwa zimekwisha kupiga hesabu, lakini Glenn hakuziamini bado. Aliomba mama huyo azirudie hesabu zile zile kwa mkono. Katherine aliketi na mashine yake ndogo ya mezani, akazihakikisha namba kwa namba; ndipo Glenn akakubali kuruka. Aliizunguka dunia mara tatu, akarudi mzima. Vituo vya kusikiliza sauti yake vilikuwapo hata Kano, Nigeria, na Tunguu, Zanzibar. Weka rula juu ya ramani kati ya Kano na Zanzibar, utaona mstari wapita juu ya Kongo, si mbali na kwetu.

Sasa turudi nyumbani. Wako wasemao kwamba hesabu ni somo la wavulana. Waende sokoni Butembo asubuhi. Watawakuta akina mama wakigeuza franka kuwa dola, na dola kuwa shilingi za Uganda, bila karatasi, wala hakuna anayewapunja. Kwa nini akili hiyo yasifiwa sokoni, na binti yao akataliwa shuleni?

Twajua shida za jamaa zetu. Tangu Oktoba 2014 watu wengi wa Beni wameyakimbia mauaji, wakaacha mashamba ya kakao na kahawa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2019 Serikali imefuta malipo katika shule za msingi za umma, lakini sekondari ingali ina gharama. Hapo fedha zinapopungua, mara nyingi ni msichana anayerudishwa jikoni, hata akiwa wa kwanza darasani. Hatumlaumu mzazi aliyepoteza yote. Twamwomba tu asikate shauri kabla ya kuyafungua madaftari ya watoto wote, mvulana na msichana, na kuyatazama kwa haki.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Akili ya binti ni mali. Chuo Kikuu cha Graben kipo Butembo tangu mwaka 1989. Mlango wa elimu ya juu hauko tena kilometa 200. Lakini atakayeufikia ni yule ambaye baba na mama walikubali amalize sekondari. Septemba inapokaribia, baba na mama waketi pamoja, wahesabu fedha zilizopo, na katika hesabu hiyo jina la binti liandikwe pamoja na la kaka yake.