Koko si mlozi, ni mgonjwa

Wasikilizaji wapenzi wa Masisi na Walikale, na ninyi jamaa mnaolala kwa wenyeji, leo sileti habari ya barabara wala bei ya muhogo. Naleta lawama, na mimi mwenyewe nimo ndani yake.

Mama mmoja aliyekimbia kutoka upande wa Nyabiondo alinieleza hivi. Mama mkwe wake anakula sombe, na saa moja baadaye anawaambia majirani: «Hapa wananinyima chakula.» Usiku anatoka kutafuta mbuzi waliobaki kijijini. Bwana anamgombeza bibi yake: «Unamtesa mama yangu.» Bibi anamfokea mzee: «Uko mwongo!» Majirani nao wamekwisha kutoa hukumu: anayetembea usiku ni mlozi.

Hapana! Huo ni ugonjwa wa ubongo, unaofuta kumbukumbu kidogo kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, linahesabu watu zaidi ya milioni 55 wenye ugonjwa huo duniani. Kuhama kunauzidisha uchungu wake. Mwezi wa pili 2025, kambi za Bulengo na Lushagala zilipovunjwa, hata sisi vijana tulipotea njia. Je, yule asiyekumbuka alipolala jana?

Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwamba ni mlozi. Kifungu cha 49 kinawapa wazee haki ya kulindwa. Lakini sisi wa redio, ni mara ngapi tumesema «mlozi amekamatwa» bila kuuliza kama alikuwa mgonjwa?

Wengine watanijibu: tuna njaa, tuna vita, nani ana nafasi ya kubembeleza mzee? Nawajibu: kusema vizuri hakuombi hata franka moja, na ugomvi wa kila usiku unawamaliza nguvu mliyobaki nayo.

Koko akisema hajala, usibishane naye. Hautamshinda, kwa sababu kweli yake ni ile anayoiona. Kaa mbele yake, mwite kwa jina lake, sema neno moja fupi, ngojea. Mpe kipande cha ndizi ama kikombe cha chai. Akitaka kwenda kwa mbuzi wake, muulize mbuzi hao walikuwa wa rangi gani, kisha mrudishe ndani polepole. Mtu alale karibu na mlango, maana usiku wa leo nje kuna watu wenye silaha.

Na ninyi wanaume, kabla ya kumlaumu bibi yako, lala wewe usiku mmoja karibu na mama yako. Ketini jamaa yote wakati koko amelala, si mbele yake. Mgawane zamu: nani anamwogesha, nani anamlisha, nani anamlinda. Mkamwana peke yake hawezi.

Akichanganyikiwa ghafla, kwa siku moja ama mbili, mpelekeni kituo cha afya haraka. Inaweza kuwa malaria ama ugonjwa mwingine unaopona.

Wachefu, wachungaji, maimamu: neno lenu linaweza kumwokoa koko ama kumtupa barabarani. Mlichague vizuri. Yule mzee alitubeba mgongoni katika vita zilizopita. Leo anasahau majina yetu. Sisi tusisahau lake.