Mate yakikauka baada ya mionzi

Hebu fikiria kutafuna ugali bila mate! Ndiyo taabu ya wengi waliochomwa kwa mionzi kutibu saratani ya koo. Mionzi huua saratani, lakini huharibu tezi za mate pia. Chakula hakimezeki, meno yanaoza.

Mwaka 2025, Marekani iliiruhusu kampuni ya RiboX kuanza kujaribu dawa ya RNA kwa wagonjwa hao. RNA ni maagizo tu: huzielekeza seli za tezi zilizosalia zitengeneze akwaporini, protini inayopitisha maji kama mfereji. Haibadilishi urithi wa mtu, na maagizo hayo huisha baada ya muda. Hata hivyo, jaribio la mwanzo hupima usalama kwanza. Asije mtu akakuuzia chupa mtaani. Anayengojea mionzi amwone daktari wa meno mapema.